Projekta Darasani: Mchoro na Sauti Kwanza
Shule kupata projekta si sawa na wanafunzi kuelewa somo. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio kwamba mwanafunzi huelewa zaidi anapotazama mchoro huku akisikiliza maelezo, kuliko pale maelezo hayohayo yanapoandikwa pia ukutani. Macho hayawezi kufuata damu ikipita moyoni na kusoma aya nzima kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mwanafunzi asiyesikia vizuri, au ambaye bado hajakimudu Kiingereza (nao ni wengi Kidato cha Kwanza), huhitaji maneno muhimu yaandikwe kando ya mchoro. Walimu wanaombwa kuueleza mchoro kwanza. Muhtasari wa kunakili ufuate baadaye, hata kwa chaki.