Sindano za kukonda: Zinafanya kazi kweli, lakini soma hii kabla hujatuma doh

Ukiingia TikTok usiku huu hutakosa video ya msee anayekuonyesha vile alikuwa na vile amekuwa. Kushoto ni mashavu na kitambi, kulia ni kiuno cha nyigu. Huko chini watu wanauliza swali moja tu: "Ni sindano gani hiyo, na ni how much?" Kabla hujapepesa macho, mtu ashajibu: "Ingia inbox, naleta mpaka kwa mlango."

Wacha tuseme ukweli. Hizi sindano si uganga na si uongo. Shida ni kwamba wasee wengi wanaziendea kama nguo ya kukodisha ya harusi: vaa, piga picha, rudisha. Dawa hii haiendi hivyo.

Ni dawa gani hasa?

Majina yanayovuma ni Ozempic, Wegovy na Mounjaro. Mbili za kwanza zina dawa ileile ndani, semaglutidi, ya kampuni ya Novo Nordisk kutoka Denmark. Mounjaro ni tirzepatidi, ya Eli Lilly ya Marekani. Ozempic ilipitishwa Marekani mwaka 2017 kutibu kisukari cha aina ya pili. Waliokuwa wakiitumia walipungua kilo pia, na 2021 semaglutidi ikapitishwa kwa dozi kubwa zaidi, kwa jina la Wegovy, kutibu unene. Mastaa nao hawakuachwa nyuma: Elon Musk alisema 2022 kwamba anatumia Wegovy, na Oprah Winfrey akafunguka 2023 kwamba yeye pia anatumia dawa ya kupunguza uzito.

Inafanyaje kazi? Ukila, matumbo yako hutoa homoni inayoitwa GLP-1, ambayo huambia ubongo "tosha, tumeshiba." Homoni yenyewe huisha baada ya dakika chache. Semaglutidi inaiiga, ila inakaa mwilini siku nyingi, ndiyo maana unadungwa mara moja kwa wiki. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu na hamu inashuka. Ile ugali nyama ulikuwa unamaliza na kuongeza, sasa unaiacha nusu.

Faida zake si mchezo

Katika utafiti uliotoka 2021, waliodungwa semaglutidi kwa wiki 68 walipunguza wastani wa karibu 15% ya uzito wao. Waliopewa sindano bandia walipunguza 2.4%. Kwa mtu wa kilo 100, hiyo ni kilo 15 zimeenda. Utafiti mwingine wa 2023, wa watu zaidi ya 17,000 wazito wenye ugonjwa wa moyo, ulionyesha dawa hii ilipunguza hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo cha moyo kwa 20%.

Kwa hivyo mwenye presha na magoti yanayolia akipanda ngazi, akiandikiwa na daktari, usimcheke ati ametafuta njia ya mkato. Anatibiwa ugonjwa.

Lakini dawa hizi zina watu wake: wenye BMI ya 30 kwenda juu, au 27 kama tayari una tatizo kama presha au kisukari. Ukiwa na urefu wa mita 1.65, BMI ya 30 ni kama kilo 82. Dem wa kilo 62 anayetaka kuingia kwa dress ya Desemba hayuko kwa hiyo list.

Sasa upande wa noma

Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo ndizo shida za kawaida. Ndiyo maana semaglutidi huanzishwa kwa dozi ndogo, miligramu 0.25, na kupandishwa polepole kwa miezi kadhaa. Muuzaji anayekuanzisha na dozi kubwa "ukonde haraka" anakuchezea.

Zipo nzito zaidi, ingawa hazitokei sana: kongosho kuvimba na mawe kwenye nyongo. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, mwambie daktari mapema, kwa sababu kuna aina moja inayokufungia hii dawa kabisa. Pia, sehemu ya kilo unazopoteza ni misuli. Bila mayai, ndengu au omena kwa sahani na mazoezi ya nguvu, unakonda na kulegea pamoja.

Madem, hapa skizeni vizuri. Tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi. Tumia kondomu pia kwa wiki nne ukianza, na wiki nne kila dozi ikipandishwa. Na kama unapanga mtoto, semaglutidi inafaa kuachwa angalau miezi miwili kabla.

Ukiacha, njaa inarudi

Hii ndiyo sehemu video hazikuambii. Watafiti walipowafuata watu walioacha semaglutidi, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Si uvivu. Dawa ikitoka, ile sauti ya "tosha" inanyamaza. Kwa hivyo kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, piga hesabu ya mwezi wa kumi na mbili.

Na hiyo ya inbox je?

Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi feki zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Feki inaweza kuwa na dawa tofauti kabisa, kama insulini, ambayo inaweza kushusha sukari yako mpaka uzimie. Hata peni halisi, kabla haijafunguliwa, hukaa kwa friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoshinda juani ndani ya begi la boda huwezi kuiamini. Na usichangie peni na beste yako hata mkibadilisha sindano. Mnaweza kuambukizana HIV au homa ya ini.

Chai za "natural" nazo? Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mpaka leo inapatikana ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazojiita za mitishamba.

Kama unahitaji hii dawa, form ni daktari kwanza, upimwe, uandikiwe, kisha ununue kwa chemist iliyosajiliwa na bodi ya dawa, Pharmacy and Poisons Board. Na kama tayari umeanza, halafu upate maumivu makali ya tumbo yanayofika mgongoni, usirudi inbox kuuliza muuzaji. Nenda hospitali, saa hiyohiyo.