Bega la Koti na Bega la Mtu

Yapo mambo ambayo gazeti halina budi kuyasema ingawa si ya bajeti wala ya mavuno. Leo tumeonelea tuseme juu ya bega la koti, na hasa juu ya kile kipande cha pamba au sponji kinachoitwa pedi, ambacho mvaaji hakioni wala hakifikirii mpaka siku kimemharibia vazi.

Ndugu msomaji atazame koti lililovaliwa. Nguo yote, mbele na nyuma, imening'inia mabegani. Si kifua kinachoibeba wala si kiuno. Kwa hiyo ukilibadili bega kwa unene wa kidole kimoja, umebadili kila kilichoko chini yake. Pedi iliyokaa vyema hujaza kile kibonde kilicho chini ya mtulinga, huinua ncha ya bega, na huupa mkono wa koti mahali pa kuanzia, ukateremka wima bila kukunjamana. Mabega yakipanuka, kiuno huonekana chembamba hata kama hakikupungua. Na mwenye bega moja lililoinama hushonewa pedi mbili zisizolingana, nene upande ule na nyembamba upande huu, akapita njiani asijulikane. Sisi tu miongoni mwa hao. Bega letu la kushoto limeinama tangu utotoni, na fundi mmoja mzee alitusitiri kwa miaka mingi bila kulitaja hata mara moja.

Wenye filamu na wenye maduka makubwa waliitambua nguvu hiyo zamani. Katika miaka ya 1930 Schiaparelli kule Paris, na Adrian kule Hollywood, waliyapanua mabega ya mavazi ya kike. Mwigizaji Joan Crawford alikuwa na mabega mapana kwa maumbile, na Adrian, badala ya kuyaficha, aliyazidisha. Vita vilipokuja na Uingereza ikaanza kugawa nguo kwa kuponi mwezi Juni 1941, bega la mraba lilibaki, likifanana na la sare za askari. Tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior alilishusha: bega laini la kuteremka, kiuno cha kubana, sketi pana. Lakini katika lile koti lake mashuhuri pedi hazikutupwa; zilihamia nyongani. Mwenye kudhani kwamba umbo lile lilikuwa la maumbile tu, na ajue hivyo.

Miaka ya 1980 bega lilirudi kwa kishindo. Mchezo wa televisheni wa Marekani ulioitwa Dynasty, ulioonyeshwa tangu 1981 hadi 1989, uliwavika wanawake mabega ambayo hayakuwa na aibu. Wapo waliocheka. Sisi hatucheki. Mwanamke aliyeingia ofisini mwa wanaume wakati ule alijua kwamba macho humpima mtu kabla masikio hayajamsikia, akajiongezea upana mahali ambapo wanaume walikuwa wameongezewa na mafundi wao kwa vizazi kadhaa bila mtu kuguna. Wakati huohuo Giorgio Armani, kule Italia, alikuwa akienda kinyume: tangu miaka ya 1970 aliyapunguza matandiko ya ndani ya koti la kiume, likamlalia mtu kama shati.

Tuna sababu ya kuyasimulia haya. Kijana mmoja wa ukoo wetu alirithi koti la marehemu baba yake, koti la sufu lililokuwa likivaliwa juu ya kanzu Idi hata Idi. Alitaka kulivaa siku ya nikahi yake. Koti lile lilikatwa kwa pedi nyembamba ya pamba. Kijana akalipeleka kwa fundi, ambaye hatutamtaja. Fundi hakumpima bega. Alizing'oa pedi za zamani, akatia za sponji nene alizozibandua katika koti la kike la mtumba, akasema sasa litasimama kama la mkurugenzi.

Likasimama kweli. Ukosi uliachana na shingo, mikono ikapanda juu ya vifundo, na kwapa zikabana. Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa unene wa pedi huamuliwa kabla ya mkasi, na kitambaa huachwa cha kutosha kuizunguka. Ukiongeza pedi baadaye, kitambaa hakizaliwi. Fundi, ili kuficha kosa, akaichimba kwapa kwa mkasi. Hapo ndipo lilipokwisha koti. Kwapa iliyoshushwa huliburuta koti zima: kijana akinyanyua mikono kuitikia dua, pindo hupanda hadi kiunoni.

Hatusemi kwamba mafundi wetu ni wazembe. Wengi hushona usiku kucha kwa ujira mdogo, na wateja wetu wana haraka. Mtu huleta kitambaa Jumatatu akataka suti Ijumaa, na akiitwa kujaribu mara ya pili hulalamika nauli. Lakini tunavitaka vyuo vya ufundi viwaite wale wazee waliobaki, wanaojua kulitazama bega kwa jicho kabla ya kushika futi ya kupimia, wawafundishe vijana na walipwe kwa kazi hiyo. Kushona moja kwa moja kwa cherehani hujifunzwa upesi. Bega halijifunzwi upesi.

Na mwenye koti la mtumba la miaka ile aliminye begani kabla ya kulipa. Sponji iliyozeeka humomonyoka ikawa kama unga, na pasi ya moto huiharibu kabisa. Hiyo hutolewa na kuwekewa pamba ya unene uleule, si zaidi wala si pungufu. Ukiitoa usiweke kitu, bega litabonyea na mkono utaonekana umerefuka.

Siku ya nikahi kijana alivaa kanzu peke yake. Koti la baba yake lilikuwa limekunjwa ndani ya mkoba, na mkoba alikuwa ameupakata mjomba wake mlangoni mwa msikiti.