Thailand: Gereza ni la Maskini?

Wananchi wa Thailand wanao msemo kwamba gereza limejengwa kwa ajili ya kuwafungia maskini. Husemwa kwa uchungu kila mara mkubwa mmoja anapoponyoka mikononi mwa sheria. Sisi nasi tunao wetu usemao kuwa mnyonge hana haki. Kwa hiyo haitupasi kuusikiliza msemo wa wenzetu kana kwamba ni habari ya ajabu. Linalotupasa ni kuuliza jinsi nchi yenye mahakama, mawakili na vitabu vya sheria vilivyoandikwa vizuri ilivyofika mahali ambapo raia wake wanasema maneno kama hayo, na kama liko tumaini la kuyafuta.

Tuanze na mambo yaliyotokea. Mnamo mwezi Septemba 2012, alfajiri, katika mji mkuu wa Bangkok, gari la fahari aina ya Ferrari lilimgonga polisi aliyekuwa kazini juu ya pikipiki yake, akafa. Aliyeshitakiwa kuliendesha gari hilo ni mjukuu wa mwasisi wa kinywaji cha Red Bull, kijana wa moja ya jamaa tajiri kabisa katika nchi ile. Aliitwa mara nyingi afike mbele ya waendesha mashtaka, wala hakufika. Shtaka la kwenda kwa kasi likafa kwa kupitwa na muda mwaka 2013, na shtaka la kutosimama kumsaidia aliyegongwa likafa vivyo hivyo mwaka 2017, mwaka ule ule alipoondoka nchini. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba hata shtaka lililobaki limefutwa. Umma ukaghadhibika, tume ikaundwa, shtaka likafufuliwa. Nalo litakufa mwezi Septemba 2027 asipopatikana. Hatusemi kuwa kijana huyo ana hatia, maana hilo ni la mahakama. Tunasema kwamba mahakama haikupata nafasi ya kulisema.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika jimbo la Kalasin, kaskazini-mashariki, mtu na mkewe walikamatwa mwaka 2010 kwa kosa la kukata miti katika msitu wa serikali. Wao walisema walikwenda kuokota uyoga. Walihukumiwa kifungo cha miaka 30, kikapunguzwa kuwa 15 kwa sababu walikiri. Na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikakifanya miaka 5. Maskini hawa muda haukuwapita. Kwao saa ya serikali ilikwenda sawasawa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani upendeleo katika sheria ni rushwa tu, yaani bahasha inayopita chini ya meza. Rushwa ipo, lakini mkubwa hana haja nayo kila mara. Silaha yake iliyo safi zaidi ni muda. Mwenye mali hulipa dhamana akalala kwake, huleta cheti cha daktari, huomba kesi iahirishwe, husafiri. Kila siku inayopita ni faida yake. Maskini asiye na dhamana hungoja ndani, na kila siku inayopita ni hasara yake, hata akawa tayari kukiri ili mambo yaishe. Sheria ni ile ile, lakini mmoja anaitumia na mwingine inamtumia.

Ushahidi mzito kuliko wote ni habari ya Tak Bai. Tarehe 25 Oktoba 2004, katika jimbo la Narathiwat kusini kabisa mwa nchi, ambako wakazi wengi ni Waislamu wa asili ya Kimalay, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai wenzao sita waachiliwe. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Watu 7 waliuawa papo hapo kwa risasi. Mamia wakafungwa mikono nyuma, wakalazwa juu ya malori ya jeshi, mtu juu ya mtu, wakasafirishwa kwenda kambini Pattani. Na 78 kati yao wakafa kwa kukosa pumzi. Jumla ni roho 85. Kwa miaka karibu 20 hakuna aliyesimamishwa kizimbani. Mwaka 2024 jamaa za marehemu wakafungua kesi wenyewe, mahakama ikaipokea, hati za kukamata zikatolewa. Washtakiwa hawakuonekana, na miongoni mwao alikuwamo jenerali mstaafu aliyekuwa mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2024 miaka 20 ikatimia, kesi ikafa. Wajane na mayatima wakabaki na makaburi yao.

Mzizi wa mambo haya ni mrefu. Tangu karne ya 15 ufalme wa Siam ulikuwa na utaratibu ulioitwa sakdina, ambao ulimpa kila mtu hesabu ya mashamba iliyoonyesha cheo chake. Mtumwa alihesabiwa 5, mkulima huru hadi 25, ofisa 400 na kwenda juu, na wakuu wa ufalme makumi ya maelfu. Hayakuwa lazima mashamba ya kulima; ilikuwa bei ya utu. Hata fidia ya mtu aliyejeruhiwa ilipimwa kwa hesabu hiyo. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1905, na tarehe 24 Juni 1932 kundi la maofisa na wasomi, akiwamo Pridi Banomyong, likauondoa utawala wa mfalme usio na mipaka. Vyeo vya mashamba vikafutika katika vitabu. Katika mioyo ya wenye nguvu havikufutika. Ndiyo maana waandamanaji wa mashati mekundu, mwaka 2010, walijiita kwa jina la kale la watwana wa sakdina, na wakubwa wakawaita kwa jina la makabaila wa zama hizo hizo. Zaidi ya watu 90 walikufa katika msukosuko wa mwaka ule.

Baada ya 1932 mlezi mpya wa upendeleo akawa ni jeshi. Serikali zimepinduliwa na wanajeshi zaidi ya mara kumi. Kupindua serikali ni kosa kubwa kabisa katika sheria za nchi ile. Lakini majenerali wa 2006 na wa 2014 waliandika katika katiba zao za muda kwamba wamejisamehe wao wenyewe. Mwizi wa kuku hawezi kujiandikia msamaha. Mwizi wa serikali aweza. Na wakati huo huo, kifungu cha 112 cha sheria ya jinai humpa anayemkashifu mfalme kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Mwezi Januari 2021 mwanamke mmoja, mtumishi wa zamani wa serikali, alihukumiwa miaka 87 kwa kusambaza sauti zilizorekodiwa. Ikapunguzwa nusu kwa kuwa alikiri.

Wako waungwana wa nchi ile wanaosema kwamba jamii ina wakubwa na wadogo kwa asili yake. Kwamba mkubwa amevuna thawabu ya mema ya maisha yaliyotangulia, na kwamba heshima ya mdogo kwa mkubwa ndiyo amani ya nchi. Hatupendi kudhihaki imani ya watu. Lakini mafundisho ya Buddha yanasema pia kwamba kila atendaye ovu atavuna ovu, wala hayakutaja mwenye Ferrari kuwa nje ya kanuni hiyo. Amani inayomtaka mjane anyamaze ni amani ya upande mmoja.

Je, liko tumaini? Sisi twaamini lipo, ingawa halina haraka. Mwaka 2018 tajiri wa ujenzi, Premchai Karnasuta, alikamatwa katika hifadhi ya wanyama ya Thungyai Naresuan, na mzoga wa chui mweusi ukakutwa huko. Wengi walisema ataponyoka. Askari wa hifadhi hawakurudi nyuma, umma haukunyamaza, na Desemba 2021 akaingia gerezani kwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Waziri Mkuu wa zamani, Thaksin Shinawatra, alirudi kutoka uhamishoni Agosti 2023 akiwa na kifungo cha miaka 8, kilichopunguzwa na mfalme kuwa mwaka 1. Akakaa miezi sita katika hospitali ya polisi bila kulala hata usiku mmoja ndani ya chumba cha gereza. Tarehe 9 Septemba 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba siku za hospitali si kifungo, akapelekwa gerezani. Tusisahau kwamba ni serikali yake iliyotawala siku ya Tak Bai, na pia ni serikali yake iliyoanzisha matibabu kwa baht 30, yaliyomwezesha mkulima kuingia hospitali bila kuuza nyati wake. Mtu mmoja aweza kuwa na hesabu mbili.

Lakini kumfunga mkubwa mmoja si sawa na kuibadili sheria. Katika uchaguzi wa Mei 2023 chama cha Move Forward, kilichotaka kupunguza nguvu za jeshi na kurekebisha kifungu cha 112, kilipata kura zaidi ya milioni 14 na viti 151 kati ya 500, kikawa cha kwanza. Maseneta 250 walioteuliwa na wanajeshi wakamzuia kiongozi wake asiwe Waziri Mkuu. Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ikakivunja chama chenyewe. Wenzao wakaunda kingine siku chache baadaye.

Katika hayo liko somo kwa kila mfanyakazi. Haki haikuja kwa huruma ya wakubwa huko Kalasin wala Narathiwat. Mahali ilipokuja, ilikuja kwa sababu askari mdogo alikataa kufumba macho, na watu wakakataa kusahau. Wananchi wa Thailand wanajua la kudai: muda wa mashtaka usihesabiwe wakati mshtakiwa amekimbia, dhamana isiwe bei ya uhuru, na yeyote anayeshika bunduki dhidi ya katiba asiwe na kalamu ya kujisamehe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Septemba 2027 haiko mbali, na saa inakwenda.