Kupaka Rangi Trekta Kuukuu Kabla ya Kuliuza

Mtu ana trekta lililochakaa na anataka kuliuza. Je, yajuzu alipake rangi kwanza? Rangi yenyewe haina ubaya, nayo huzuia kutu. Hukumu hugeuka pale inapofunika ufa uliolehemiwa.

Wanachuoni wa Kishafi walianzia kwa mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae siku ya mauzo. Mtume (s.a.w.) alikataza hilo, akampa mnunuzi hiyari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj akaambatanisha nalo la mwenye kuzuia maji ya kinu, akayaachia wakati wa kuuza ili kinu kionekane chaenda kwa nguvu. Kinu hicho ni mashine, kama trekta! Lakini mtumwa aliyepakwa wino nguoni ili adhaniwe mwandishi, hapo mnunuzi hana hiyari kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwani wino si dalili ya kutosha; amejighuri mwenyewe.

Basi rangi juu ya trekta zima ambalo umri wake unajulikana iko karibu na wino. Rangi juu ya ufa ni kuficha aibu: muuzaji apata dhambi, na mnunuzi akigundua ana haki ya kulirudisha.

Wala asijitetee kwa kusema "nauza kama lilivyo." Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, sharti hilo humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, si zaidi. Huyu ufa anaujua. Amwonyeshe mnunuzi, kisha apake rangi aitakayo.