Ukihama chuo katikati ya mwaka, mkopo haukufuati wenyewe

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka wa masomo unapofika katikati, wapo wanafunzi wa elimu ya juu wanaolazimika kuhama vyuo. Mmoja anauguliwa na mzazi, mwingine anahitaji kuwa karibu na hospitali anakotibiwa, na mwingine amegundua kuwa programu aliyodahiliwa siyo aliyoikusudia. Wengi wao hushughulikia uhamisho wa masomo kwa makini, lakini suala la mkopo huliacha hadi wanapofika chuo kipya na kukuta majina yao hayamo katika orodha ya malipo.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni kwamba uhamisho una pande mbili, na kila upande una mamlaka yake. Masuala ya udahili yanasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) pamoja na vyuo vyenyewe, ilhali mikopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Barua ya chuo kipya inayosema "umepokelewa" ni jibu la upande wa kwanza tu. Bodi hulipa kwa kufuata taarifa za udahili na usajili zinazotoka vyuoni, na mpaka taarifa hizo zibadilike, kwa Bodi mwanafunzi bado yuko chuo cha zamani.

Ni vema pia kufahamu fedha hizo hupita wapi. Ada ya mafunzo hulipwa moja kwa moja kwa chuo. Mwanafunzi haishiki mkononi. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita "boom", humfikia mwanafunzi kwa awamu, baada ya chuo kuthibitisha kuwa amesajiliwa na yeye mwenyewe kusaini. Kwa hiyo anayehama katikati ya mwaka anaacha nyuma yake ada ambayo chuo cha kwanza kimekwisha kulipwa, na huenda pia awamu ya fedha za kujikimu ambayo hakuisaini. Fedha zisizosainiwa hurejeshwa Bodi. Hazimsubiri dirishani.

Tuchukulie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeanza masomo Mwanza, akalazimika kuhamia Dar es Salaam baada ya muhula wa kwanza. Kiwango cha juu cha fedha za chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Ikiwa taarifa zake zitachelewa wiki sita tu, na alikuwa akipata kiwango hicho chote, atakuwa ameishi siku 42 bila shilingi 420,000 alizozitegemea. Ndani ya siku hizo kuna kodi ya chumba, nauli na chakula. Familia inayopanga uhamisho inapaswa kuiweka hesabu hii mezani kabla mtoto hajafunga mizigo.

Ipo hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Fedha zilizolipwa chuo cha kwanza hazifutiki kwa sababu mwanafunzi ameondoka; zinabaki kuwa deni kwa jina lake. Iwapo chuo kipya hakitayatambua masomo aliyokwisha kusoma na akaanza upya, atakuwa na deni la muhula usiomsogeza mbele. Siku atakapoajiriwa, makato ya asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi yatalipa muhula huo pia. Swali la ni masomo gani yatahamishwa, basi, ni swali la fedha kama lilivyo la taaluma, na jibu lake litakiwe kwa maandishi.

Hatua ya kwanza ni kuonana na afisa mikopo wa chuo unachotoka, kabla ya kuondoka. Hakikisha umejua awamu zipi zimelipwa, ipi haijasainiwa, na kwamba matokeo yako ya mitihani yamekamilika. Kisha pata kibali cha uhamisho kwa utaratibu na katika muda uliotangazwa na TCU, ukipeleke kwenye dawati la mikopo la chuo kipya siku ileile unayojisajili. Tunza nakala ya kila barua. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile uliyoombea mkopo; waliofanya mtihani huo zaidi ya mara moja ndio hukwama zaidi hapa. Kamwe usisaini fedha kupitia chuo ulichokwisha kuhama, hata kama jina lako bado limo.

Anayehamia programu yenye ada kubwa zaidi asipange bajeti yake kwa kudhani kuwa mkopo utaongezeka kufidia tofauti hiyo. Kwa wanufaika wa Samia Scholarship tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ufadhili huo umetolewa kwa ajili ya programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Kuhamia nje ya fani hizo ni kuuweka hatarini. Wanaosomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, hata wakiwa katika vyuo vya Tanzania Bara, wapeleke taarifa zao za uhamisho kwa bodi hiyo, siyo HESLB.