Kazi ni Haki, si Sadaka

Wahenga walinena: "Hujafa hujaumbika." Maneno hayo hutamkwa mara nyingi mbele ya mtu asiyeona au asiyeweza kutembea, kisha sarafu hudondoshwa mkononi mwake, na mtoaji akaenda zake akijiona ametenda wema. Lakini nchi haijengwi kwa sarafu, wala usawa hauletwi kwa huruma.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Maana yake, kiwanda chenye watu 200 hakina budi kuwa nao 6. Kabla ya hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kukataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, hata yule anayeomba kazi tu. Na mlalamikaji akionyesha dalili za kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Basi silaha ipo. Iliyobaki ni kuitumia. Mwajiri na ahesabu watu wake kabla hajahesabiwa. Vyama vya wafanyakazi na viulize hesabu hiyo kila vikutanapo naye. Na fundi asiyesikia, aliyehitimu sawa na wenzake, asiingie ofisini kama mwombaji, bali kama raia adaiye haki yake. Aketiye leo katika kiti cha mwajiri huenda kesho akaihitaji sheria hiyo hiyo.