Tairi Kubwa na Gari la Juu: Mambo ya Kupima Kabla Hujalipa

Magari mengi madogo yanayotumika nchini yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Yanapokutana na matuta na barabara zetu za vumbi, tumbo la gari hukwaruza. Mmiliki huenda dukani au gereji, naye hupewa mojawapo ya ushauri huu: afunge tairi pana zaidi, abadilishe rimu, au anyanyue gari kwa spesa. Kila njia ina gharama yake, na si kila njia humpa mnunuzi alichokusudia. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuzipima kwa namba kabla ya kutoa fedha.

Anzia mlangoni

Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake. Hapo kwa kawaida pamebandikwa kibandiko cha mtengenezaji kinachotaja saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Hata kikiwa kimeandikwa Kijapani, namba zake husomeka. Upepo huandikwa kwa kipimo cha kPa: 220 kPa ni takribani 32 kwa kipimo cha psi kinachotumiwa na wajaza upepo wengi.

Tuchukue mfano wa tairi lenye maandishi 185/65R15 88H. Namba 185 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu wa tairi, kikiwa asilimia ya upana huo. R huonyesha muundo wa nyuzi za ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 88 ni alama ya uzito, ikimaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 560. H ni alama ya mwendo, yaani kilomita 210 kwa saa. Tairi jipya lisiwe na alama ya uzito iliyo chini ya ile ya mtengenezaji, hata kama linaingia vizuri kwenye rimu.

Tairi pana huongeza kiasi gani?

Ubavu wa tairi letu la mfano ni milimita 120.25. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu ya milimita 381, kimo cha gurudumu zima ni milimita 621.5. Tuseme muuzaji anapendekeza 205/65R15. Kimo chake ni milimita 647.5, yaani ongezeko la milimita 26. Hata hivyo, gari hunyanyuka kwa nusu tu ya ongezeko hilo, kwa sababu nusu nyingine huelekea juu, ndani ya madigadi. Mnunuzi amelipia tairi nne na kupata milimita 13, pungufu ya sentimita moja na nusu.

Kwa rimu ileile, tairi hilo pia husogea takribani milimita 10 kuelekea shokapu, na milimita 10 kuelekea nje. Nafasi ikiwa ndogo, tairi litasuguana na shokapu au madigadi, hasa gari likiwa limejaa abiria. Tairi linalosuguliwa ubavuni hudhoofika polepole pasipo dereva kuona, na linaweza kupasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Kipimo cha mwendo nacho huathirika: kwa kila kilomita 100 kinazohesabu, gari huwa limekwenda takribani 104.

Rimu kubwa nayo si lazima inyanyue gari. Tairi la 205/50R16, lenye rimu ya inchi 16, lina kimo cha milimita 611.4 tu. Mmiliki aliyebadilisha rimu ili gari lipande atakuwa ameliteremsha kwa milimita 5, tena kwa tairi lenye ubavu mwembamba usiohimili mashimo vizuri.

Spesa na springi

Spesa ni kipande cha mpira au chuma kinachowekwa kwenye springi au juu ya shokapu. Kwa kweli hunyanyua mwili wa gari, lakini hubadilisha pia pembe za magurudumu, za vyuma vya usukani na za shafti zinazozungusha magurudumu. Mpira wa breki unaweza kuvutika. Uzito wa gari hukaa juu zaidi, na gari huegemea zaidi kwenye kona. Ikiwa alaimenti haikupimwa upya, tairi huweza kulika upande mmoja mapema.

Kabla ya kununua spesa, uliza kama springi zimechoka. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti kubwa ni dalili kwamba springi moja imelala au imekatika, na springi sahihi huenda zikarudisha kimo cha awali. Kumbuka kwamba springi ndiyo hubeba uzito. Shokapu hutuliza mtikisiko. Usinunue shokapu za kawaida kwa ahadi kwamba zitanyanyua gari.

Kabla ya kulipa

Kubaliana na muuzaji mapema kwamba malipo ya mwisho yatafanyika baada ya majaribio haya:

1. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021.
2. Tazama kama tairi limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini na huisha haraka kwenye lami yenye joto.
3. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, abiria wakiwa ndani. Sikiliza msuguano.
4. Pita polepole juu ya tuta, kisha kagua ubavu wa ndani wa kila tairi kwa tochi.
5. Dai karatasi ya vipimo vya alaimenti.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ukiambiwa kwamba tairi fulani "linaingia bila tatizo", omba maneno hayo yaandikwe kwenye ankara pamoja na saizi, alama ya uzito na aina ya gari lako. Dai risiti ya EFD na uitunze. Tatizo likitokea, piga picha ya sehemu iliyosuguana kabla ya kuruhusu chochote kufunguliwa, umrudie muuzaji kwa maandishi, na asiposhughulikia, utuletee malalamiko yako pamoja na nyaraka hizo. Usiendelee kuliendesha gari wakati ukisubiri majibu.